Jiko Lililomng'ata Bibi

Mama amehamia kwenye gesi. Alinipigia simu kunipa habari hiyo kwa sauti ya mtu aliyehama mji, akamalizia kwa kusema, "Njoo uchukue jiko lenu, linanijazia nafasi." Nikaenda Kibiti, nikaingia jikoni, na kabla sijaliona jiko lenyewe pua ilikwisha kulipata. Ni harufu ya udongo uliopata moto miaka mingi bila kufuka moshi, imechanganyika na uji uliofurika na vumbi lililoungua. Watu wa rika langu mnaijua. Sisi ndio tulikuwa wa mwisho kutumwa mkaa na wa kwanza kutumwa umeme wa luku, na majiko yetu ya kwanza ya umeme hayakuwa na kioo wala vitufe vya kubofya. Jiko lilikuwa bati lililopakwa rangi nyeupe, juu yake sahani mbili za udongo zenye mifereji inayozunguka, na ndani ya mifereji umelala waya uliojisokota, ambao mafundi wanauita koili. Ukiwasha, waya unaiva mwekundu mbele ya macho yako.

La kwetu baba alilileta kutoka Dar es Salaam muda mfupi baada ya nyumba kuvutiwa umeme. Lilikuwa na pleti kubwa ya maharage na wali, na pleti ndogo ya chai. Mama alilifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe, na majirani walipokuja alikuwa akikifunua taratibu kama anayemwonyesha mtu bibi harusi. Sisi watoto tulikatazwa kulikaribia. Mimi wala sikuhitaji kukatazwa, kwa sababu niliamini lina uhai. Kitu kisichowashwa kiberiti, kisichopulizwa, kikawa chekundu chenyewe na kutoa mlio mdogo wa kunguruma, kingekuwaje kisiwe hai?

Kisha akaja bibi, mama yake baba. Masika yale mto ulipanda kijijini kwake Mkongo mpaka kwenye vitanda vya watu, na nyumba yake ya udongo ikarudi kuwa udongo. Baba alimfuata, akamleta kwetu na furushi moja na kikapu kimoja. Ndani ya kikapu mlikuwa na chungu, cha mwisho alichokifinyanga. Njiani gari liliruka shimo, chungu kikavunjika. Tulipompokea, mama alitaka kumwaga vile vipande jalalani, bibi akamshika mkono. "Niachie," alisema. Akavitia chini ya kitanda tulichokuwa tunalala miye na yeye. Naandika "miye" kwa sababu yake. Ndivyo alivyosema na ndivyo nilivyosema nikiwa naye.

Bibi alikuwa mfinyanzi. Enzi zake, hakuna harusi Mkongo iliyopikiwa wali kwenye chungu cha mtu mwingine, hayo nayasema bila kuona haya. Lakini sufuria zilikuwa zimekwisha kuingia kila nyumba, na alipofika kwetu mikono yake haikuwa na pa kwenda. Akichukua ufagio, mama anaupokea. Akishika mwiko, mama anamwambia, "Mama, pumzika, umechoka na mengi." Mama alisema hivyo kwa mapenzi na kwa adabu ya mkwe. Bibi alikaa kwenye mkeka, akiziangalia tasbihi zake, na mimi nikidhani anafurahia kupumzika.

Siku moja alitoka uani kutawadha, akapitia jikoni kurudi ndani. Maharage yalikuwa yanachemka kwenye pleti kubwa. Akaona povu linapanda, akanyoosha mkono kuondoa kifuniko. Alipiga kelele, kifuniko kikaruka mpaka mlangoni.

"Limening'ata!"

Mama alikuja mbio. Akaokota kifuniko, akashika sufuria, akakoroga maharage, akarudishia kifuniko. Hakuna kitu. "Ni mvuke, mama," alisema kwa upole. "Umekuunguza."

"Mvuke miye siujui?" bibi alijibu. "Nimeishi na mvuke kabla weye hujazaliwa. Hili limening'ata."

Siku nyingine likamng'ata tena. Na tena mama aligusa palepale, na tena jiko likatulia. Nikaona macho ya mama yakimtazama bibi namna ambayo watu wanawatazama wazee wanaoanza kusahau majina. Mimi nilikuwa na jawabu langu. Jirani yetu alikuwa na mbwa ambaye hakuwagusa wa nyumbani lakini mgeni hapiti. Basi jiko letu lilikuwa vivyo hivyo. Linamjua mwenye nyumba, na bibi halijamjua bado. Nilingoja mama aende dukani, nikasimama mbali kidogo na lile bati jeupe, nikalitambulisha: "Huyu ni mama yake baba. Anaitwa Bi Mwanahawa. Analala na mimi. Usimng'ate."

Sikujua kwamba bibi naye alikuwa amefikia palepale nilipofikia. Jioni, wakati wa kula, alimwambia baba, "Maji yakishuka, mwanangu, miye narudi Mkongo."

"Kwenye nyumba ipi, mama?" baba aliuliza.

"Nitasimamisha kibanda. Hapa kazi yangu ipi? Nala, nalala, naswali. Hata jiko lenu limenikataa."

Baba hakujibu. Mama aliinamia sahani yake. Mimi nikasogeza sahani yangu kando, kwa sababu tangu bibi aje sikuwa nimeota ndoto mbaya hata mara moja, na alikuwa akiniita mke mwenzangu mbele ya watu, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ananitania kama mtu mzima. Kuondoka kwa bibi kulikuwa sawa na kung'olewa mlango wa chumba chetu.

Jiko halikusikia maombi yangu. Lakini lilinifanyia kitu bora. Mama alikuwa uani anaanua nguo, mimi nimetoka kunawa miguu bombani, na uji kwenye pleti kubwa ukaanza kufurika. Nikasahau katazo lote. Niliingia mbio, miguu inachuruzika maji kwenye sakafu ya saruji, nikashika mkono wa sufuria. Kitu kilinipiga kutoka kwenye vidole mpaka kwenye bega, nikajikuta nimekaa chini. Nililia, ndiyo. Lakini katikati ya kilio nilipata akili, nikainuka na kukimbilia chumbani, machozi na furaha vikinibubujika pamoja.

"Bibi! Bibi! Na miye limening'ata!"

Alinikumbatia, akanitazama vidole kimoja kimoja. "Weye wa humuhumu ndani," alisema polepole. "Sasa limekukataa weye kwa lipi?"

Baba alimwita fundi Shaweji, kijana aliyekuwa na kibanda karibu na stendi, akitengeneza redio, pasi na feni. Alichomoa waya ukutani kwanza, akatuonyesha kila mtu kwamba ameuchomoa, ndipo akaligeuza jiko. Kabla hajafungua hata skrubu moja aliangalia miguu ya mama.

"Mama, hizo kandambili unazivaa humu muda wote?"

"Muda wote. Sakafu ina baridi, miguu yangu haiiwezi."

"Na bibi?"

"Bibi viatu anaviacha mlangoni," alidakia baba.

"Basi kandambili ndizo zilizokuwa zinamkinga mama. Bibi anaingia peku, tena na maji ya udhu miguuni. Alikuwa anapigwa shoti ya kweli." Aliinua bati tuone. Sahani ya pleti kubwa ilikuwa imepasuka, bila shaka kwa uji uliokuwa unaimwagikia ikiwa ya moto. Kipande kimekatika na kudondoka, na waya umening'inia hapo ukigusa bati. "Bati lote lina umeme, na sufuria vilevile. Mshukuruni Mungu. Mngezika mtu humu."

Mama alikaa kitako sakafuni. Aligeuka kwa bibi, uso umembadilika. "Nisamehe, mama. Mimi nilidhani..."

"Umenishika mkono leo, yatosha," bibi alimwambia. Na kweli alikuwa ameushika bila kujijua.

Fundi alisema waya ni mzima. Kilichokufa ni sahani, na sahani kama hizo haziuzwi peke yazo. Walitumie kwa pleti ndogo tu au walitupe. Mama aliliangalia jiko lake kwa majonzi, akasema basi, mkaa upo. Hapo ndipo bibi aliponyoosha mkono.

"Hebu nilione."

Fundi alimpa sahani iliyopasuka. Bibi aliigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akainusa penye ufa. Kisha akatoa ulimi akairamba. Mimi nikafumba macho kwa aibu, nikiamini kwamba sasa fundi ataondoka akatangaze stendi nzima kwamba bibi yetu anakula jiko.

"Udongo huu," bibi alisema.

"Ndiyo, bibi. Lakini wa kiwandani."

"Kiwandani wameuchimba mbinguni? Udongo huu, mwanangu. Laini mno, haukutiwa kigae kilichotwangwa cha kuushika. Ndiyo maana ukapasuka kwa uji tu." Aliigeuza tena. "Nikikufinyangia nyingine, waya wako utaurudisha?"

Fundi Shaweji alicheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu aliyependezwa. "Ukinipa sahani inayoingia hapa, bibi, waya naurudisha kwa mikono miwili."

Siku ile nilijua kilichokuwa kwenye furushi. Ndani ya kanga kuukuu na mfuko wa nailoni mlikuwa na donge la udongo wa Mkongo, jeusi, baridi, linanukia mto. Mto ulikuwa umechukua nyumba yake, na yeye alipokuwa anakimbia alichopakia ni udongo. Akatoa na vile vipande vya chungu chini ya kitanda. Akaomba kinu. Mama, ambaye hakuwahi kumwachia hata ufagio, alikileta kinu na mchi, akakaa pembeni wapokezane. Wakatwanga chungu kile cha mwisho mpaka kikawa mchanga mwekundu, wakauchekecha kwa chekeche ya unga wa mama, wakauchanganya na udongo mbichi. Bibi aliukanda kwa visigino, kanga ameikunja magotini. Sikuwa nimemwona akisimama wima namna ile tangu aje.

Alipoanza kufinyanga, alipima sahani ya zamani kwa shubiri, halafu akatengeneza iliyozidi. Mama alivumilia, kisha akashindwa.

"Mama, hiyo kubwa. Haitaingia."

"Haitaingia leo," bibi alijibu bila kuinua macho. "Udongo unanywea ukikauka, unanywea tena motoni. Ngoja umalize kunywea ndiyo uniambie."

Mifereji aliichora kwa sipoku ya baiskeli, akianzia katikati na kuzunguka kwenda nje, bila kuinua mkono. Kila mfereji aliupanua kidogo kuliko waya, kwa sababu ileile ya kunywea. Nilitazama ule mkono wenye mishipa ukizunguka. Nilifungua kinywa niseme jinsi ilivyopendeza, akaniwahi kwa kunifumba mdomo kwa kiganja chenye tope.

"Mke mwenzangu, chombo hakisifiwi kabla hakijapoa. Huo mwiko wetu. Mama yangu aliufuata na bibi yangu aliufuata."

Sahani ilikaushwa kivulini, chini ya kitanda chetu, siku nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia. Nilikuwa naning'iniza kichwa kuichungulia. Mvua ya masika ilikuwa bado inapiga, na hewa yote ilikuwa na majimaji. Ikafika asubuhi yenye jua, bibi akaipanga uani juu ya makumbi ya nazi, akaifunika kuni na makuti makavu, akawasha. Moto ulipokolea, jirani yetu Mama Hadija alitokeza kichwa juu ya ua wa makuti.

"Mashaallah, bibi! Imekuwa nzuri hiyo!"

Pa! Kitu kilipasuka ndani ya moto. Sote tuligeuka kumtazama Mama Hadija, naye akazama nyuma ya ua kama aliyevutwa miguu.

Leo najua kwamba sahani haikuwa imekauka vya kutosha, na bibi mwenyewe alilisema hilo, kwamba unyevu ulibaki ndani. Lakini hakumsafisha Mama Hadija hata kidogo, na mimi mpaka leo siwezi kusifia keki ikiwa kwenye oveni. Niliogopa bibi atakata tamaa. Yeye alingoja moto ufe, akaokota vipande, akavitia kinuni. Kila kilichopasuka kinatwangwa kiingie kwenye kinachofuata. Alianza upya, na safari hii Mama Hadija mwenyewe alileta kuni, akakaa mbali na mdomo ameufunga kwa ncha ya mtandio.

Sahani ya pili ilitoka motoni nyekundu yenye baka jeusi upande mmoja. Bibi aliigonga, ikalia kama kengele ndogo. Fundi Shaweji alikuja, akaikazia macho, akaishika kwa pande zote, akaishusha kwenye bati. Ikaingia. Haikulazimishwa, haikucheza. Akaulaza waya kwenye mifereji kidogo kidogo, ukakaa kama umezaliwa humo. Akampa baba maagizo ya kuvuta waya wa kuingia ardhini, na hakukubali jiko liwashwe mpaka waya huo ulipokuwa tayari. Kisha akapima bati zima kwa testa yake. Taa ya testa haikuwaka popote.

"Nani anabandika?" aliuliza.

"Mama," mama alisema, akimtazama bibi.

Bibi alitoka uani akatawadha, makusudi mazima, akarudi peku. Alibandika sufuria ya maji kwenye pleti kubwa. Fundi akawasha. Waya ukaiva, mzunguko baada ya mzunguko, na harufu ile ya udongo unaoota moto ikapanda kwa mara ya kwanza. Bibi aliweka mkono kwenye sufuria, akauacha hapo mpaka joto likamwondoa. Alikuwa anatabasamu kwa meno yote aliyobaki nayo. Mama alifungua kinywa.

"Kingali cha moto," bibi alimkatiza.

Tukanywa chai ile tumevimba kwa sifa tulizozimeza.

Fundi hakukaa na siri. Kumbe Kibiti nzima ilikuwa na majiko yaliyopasuka sahani, yamewekwa juu ya makabati na uvunguni mwa vitanda. Alianza kuja na vipimo, na donge la Mkongo likaanza kupungua. Siku lilipokwisha, niliamka asubuhi nikakuta bibi amevaa kanga ya safari na furushi lake halipo kitandani. "Nakwenda Mkongo," alisema, "maji yameshuka." Alipanda gari mbele ya macho yangu. Nilirudi nyumbani nikajilaza kwenye mkeka wake, na hakuna aliyeweza kuniinua. Baba alisema atarudi, mama alisema atarudi, lakini nilikumbuka vizuri nani alisema atarudi Mkongo maji yakishuka.

Jua lilikuwa limeanza kupoa niliposikia bajaji inalalamika kwenye mchanga wa kwetu. Nyuma yake kulikuwa na magunia, mazito mpaka matairi yamelegea, na katikati ya magunia amekaa bibi, tope limemfika magotini.

"Mke mwenzangu!" aliita. "Njoo unishushie mzigo, kuna kazi humu ndani!"

Hakuondoka tena. Aliishi nasi mpaka Mungu alipomchukua, na kuna nyumba nyingi za Kibiti na Ikwiriri zilizopikia kwenye kazi ya mikono yake bila kumjua. Sahani yetu ilipika kila siku. Asubuhi chai, mchana wali, jioni uji. Kila nilipotaka kumwambia kwamba ni nzuri, alikuwa na jibu lilelile, na kwa kweli jiko la mama halikupata siku ya kupoa. Kwa hiyo bibi alikwenda zake bila kusikia.

Ijumaa hii nililichomoa jiko ukutani, nikafungua skrubu kama alivyofanya fundi, nikaitoa sahani ya pleti kubwa. Haina ufa hata mmoja. Baka jeusi bado lipo. Mama alisimama mlangoni, kandambili miguuni.

"Imepoa?" aliuliza.

Niliweka kiganja changu chote juu ya mifereji.

"Imepoa, mama."

"Basi mwambie."

Bibi alimuuliza mwanawe jioni ile mbele yangu, hapa kazi yangu ipi, na hakuna aliyemjibu.

"Hii hapa, bibi," nilisema. "Nzuri. Nzuri sana."